Ndoano Namba Ngapi kwa Chambo Laini cha Besi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Naivasha

Maswali haya huulizwa na wanaoanza kuvua besi kwa fimbo katika Ziwa Naivasha, pamoja na wachache wanaofika kutoka Kisumu wakiwa wamezoea mbuta. Aliye na haraka achukue hili aende: chambo laini cha plastiki cha inchi 5, ndoano yenye bega (mkunjo karibu na tundu la uzi) na pengo pana (nafasi kati ya ncha na shina), 3/0 kwa chambo chembamba, 4/0 kwa kilichonenepa. Mwenye nafasi asome hadi chini, kwa sababu jibu hilo halitamfaa siku atakapobadilisha chambo.

Besi anapatikana wapi huku kwetu?

Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Samaki huyu, ambaye kwa muda mrefu wanasayansi wamemwita Micropterus salmoides, si wa asili yetu. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili wavuvi wa burudani wapate cha kuvua, na ndiyo maana hadi leo vifaa vyake huuzwa kwa inchi na majina ya mitindo yake ni ya Kimarekani. Usimtafute Ziwa Nakuru, Elementaita wala Bogoria. Maji ya huko ni ya magadi. Ziwa Victoria nalo ni himaya ya mbuta.

Naivasha lina maji baridi, kina kifupi sehemu nyingi, na ukingo uliojaa mafunjo. Magugu maji huelea yakihamahama na upepo. Maji yalipopanda kuanzia miaka ya 2010, yalimeza migunga, nyua za mashamba na nguzo ambazo zamani zilikuwa nchi kavu. Chini yake kuna kamba wekundu wa maji baridi, wenye magando, walioletwa mwaka 1970, na besi huwala. Weka picha hiyo akilini, kwa maana ndiyo inayotuamulia ndoano: tunavua mahali penye vitu vingi vya kunasa, kwa chambo ambacho lazima kifiche ncha.

Mbona namba za ndoano zinapanda na kushuka kwa wakati mmoja?

Kuna safu mbili, nazo hukutana katikati. Safu ya kwanza ina namba tupu: 10, 8, 6, 4, 2, 1. Hapa namba ikipungua ndoano inakua. Ukishafika 1, safu ya pili inaanza, ile yenye mkwaju na sufuri: 1/0, 2/0, 3/0, 4/0, 5/0 na kuendelea. Hapa namba ikipanda ndoano inakua. Kwa hiyo namba 2 ni ndogo kuliko namba 1, na namba 1 ni ndogo kuliko 1/0. Ukienda dukani taja sufuri waziwazi, sema "tatu-sufuri". Ukisema "tatu" tu utapewa kitu kingine.

Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima kinachowabana watengenezaji. 3/0 ya Mustad si lazima ilingane na 3/0 ya Gamakatsu au ya Owner, na hata ndani ya kampuni moja, 3/0 ya shina lililonyooka na 3/0 ya pengo pana ni ndoano mbili tofauti kabisa. Namba ni mahali pa kuanzia. Kinachoamua ni jicho lako na chambo chenyewe mkononi.

Basi nikiwa na chambo mkononi, naangalia nini?

Pengo. Hilo ndilo jambo lenyewe, na laiti watu wangeanzia hapo wangeokoa hela nyingi.

Pengo ni ile nafasi kati ya ncha na shina la ndoano. Katika mtindo wa Texas, ambao ndio tunaoutumia zaidi kwenye mafunjo, shina hupita chini ya tumbo la chambo, mpindo huteremka nyuma, kisha ncha hupenya mwili kutoka chini na kulala juu ya mgongo, ikiwa imejificha kidogo kwenye ngozi ya plastiki. Kwa hiyo mwili wote wa chambo umekaa ndani ya pengo. Besi anapofunga mdomo na wewe ukavuta, plastiki lazima isogee au ibonyee kuelekea shina ili ncha ibaki wazi. Ikiwa mwili umelijaza pengo lote, plastiki haina pa kwenda. Ncha inabaki imezikwa ndani, unavuta, samaki anafungua mdomo, unapata chambo kilichochanika na maneno ya kuwasimulia wenzako.

Kwa kipimo cha macho, pengo la ndoano liwe kama mara moja na nusu ya unene wa chambo, na mara mbili ni bora zaidi kwa chambo chenye nyama ngumu. Plastiki laini sana yenye chumvi nyingi hubonyea haraka, hivyo unaweza kubana kidogo. Ile ngumu inayonyumbuka kama mpira wa manati haikusamehe.

Ona kwamba sijataja urefu. Urefu wa chambo ndio ulioandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo kila mtu hushikilia huo. Lakini mnyoo wa inchi 7 mwembamba na kamba wa plastiki wa inchi 4 mnene vinaweza kutaka ndoano ya namba ileile, 4/0, kwa sababu mbili tofauti kabisa.

Napimaje kabla ya kutoboa? Chambo changu ni cha bei, sitaki kukiharibu.

Laza ndoano ubavuni mwa chambo, jicho la ndoano (tundu la kufungia uzi) likiwa sawa na pua ya chambo. Angalia mambo mawili. Kwanza, mpindo unafikia wapi? Kwa mnyoo mrefu, uangukie karibu theluthi ya kwanza ya mwili. Kwa chambo chenye mkia wa kafi, lazima uishie kabla ya sehemu inayoanza kucheza. Ndoano ikiingia kwenye mkia, umeshaua mwendo wa chambo. Kwa kamba na vyambo vya viungo vingi, ncha itokee mgongoni kabla magando hayajaanza.

Pili, kati ya tumbo na mpindo imebaki nafasi? Ukiona mwanga mzuri pale, sawa. Ukiona plastiki imegusa kila upande, panda namba moja.

Ukiridhika, choma ncha katikati ya pua, iingie kiasi cha urefu wa bega la ndoano, yaani nusu sentimita hivi, kisha itoe tumboni. Vuta ndoano hadi jicho lifike puani. Izungushe ili ncha itazame mwili. Sasa laza tena ndoano nje ya chambo, na pale mpindo unapoangukia ndipo pa kutoboa, si mbele wala nyuma yake. Sukuma ncha moja kwa moja hadi itokee mgongoni, kisha irudishe kidogo tu chini ya ngozi ili isinase majani.

Chambo kining'inie kimenyooka. Kikijikunja au kujivimbisha tumbo, toa ncha, tafuta tundu jipya. Chambo kilichopinda huzunguka majini kinapovutwa, uzi unajisokota, na besi aliyewahi kuumizwa hamfuati mnyoo anayezunguka.

Nipe namba. Chambo gani na ndoano gani?

Haya, ila ukishazipata bado rudi kwenye pengo.

Mnyoo mwembamba wa inchi 4 hukaa vizuri kwenye 1/0 au 2/0. Wa inchi 6 ni 3/0. Wa inchi 7 hivi, 4/0. Wale majoka ya inchi 10, wanaovutwa polepole chini ya maji yenye kina kama upande wa Crescent Island, 5/0.

Senko na ndugu zake, yaani kijiti kinene kisicho na mkia, cha inchi 5, ni 3/0 au 4/0 ya pengo pana. Mimi ningechukua 4/0 kwa sababu vijiti hivyo ni vinene kuliko vinavyoonekana. Cha inchi 4 ni 2/0 au 3/0.

Kamba wa plastiki wa inchi 3 ni 3/0, wa inchi 4 ni 4/0. Kwa Naivasha hiki ndicho chambo ningekinunua kwanza kabla ya kingine chochote, rangi ya kahawia yenye wekundu, kwa sababu kinafanana na chakula kilichomo ziwani. Vile vyambo vya viungo vingi visivyofanana na kiumbe yeyote aliyeumbwa hufuata hesabu hiyohiyo, 4/0 kwa vingi na 5/0 kwa vilivyojaa kifuani.

Fluki, yaani kisamaki chenye mkia uliogawanyika, cha inchi 5, ni 4/0, au 5/0 ikiwa ni mnene. Samaki wa mkia wa kafi wa inchi 3 na kitu hukubali 3/0, anayekaribia inchi 4 hukubali 4/0, na anayekaribia inchi 5 huanza 5/0 kwenda 6/0, mara nyingi kwenye ndoano iliyobandikwa risasi shinani ili asilale ubavu. Chura laini wa kuvutwa juu ya magugu ni 4/0 au 5/0 ya waya mnene, yaani chuma cha ndoano yenyewe ni kinene.

Vyambo vidogo vya inchi 3 hadi 4 kwenye fimbo nyepesi, mtindo wa kudondosha ambapo chubwi inakaa chini na ndoano juu yake, vinataka namba 2 au namba 1. Mtindo wa Ned, uliopewa jina la Ned Kehde wa Kansas, hutumia kichwa kidogo cha risasi chenye ndoano ya namba 1 au 1/0 na ncha ikiwa nje. Ni mtamu mahali pasipo na majani. Kwenye mafunjo yetu utaacha risasi zako zote huko.

Pengo pana au shina lililonyooka?

Ndoano yenye bega ni ile iliyokunjwa mara mbili karibu na jicho ili pua ya chambo ishikwe isiteleze. Yenye bega na pengo pana ni kwa chambo kinene: senko, kamba, fluki, samaki wa kafi. Yenye bega lakini pengo la kawaida, mpindo wake ukiwa wa mviringo, ni kwa minyoo. Wengi husahau hii ya pili na kuweka pengo pana kila mahali. Kwa mnyoo mwembamba hiyo haina faida, na ncha ya pengo pana mara nyingi huelekea jicho la ndoano, kwa hiyo pembe yake ya kupenya ni ndogo kidogo kuliko ya ile nyingine.

Shina lililonyooka, lisilo na bega, ni la wanaopenya katikati ya mafunjo kwa uzi mnene na fimbo ngumu. Ukivuta, nguvu yote inafika kwenye ncha. Kasoro yake ni kwamba chambo huteremka kila mara, hivyo chagua ile yenye kishikio cha waya au plastiki karibu na jicho.

Samaki mkubwa si anataka ndoano kubwa?

Hapana. Rekodi ya dunia ya samaki huyu ni kilo 10 na gramu kidogo, aliyevuliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932 na kufikiwa na mwingine Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Mdomo wa besi ni mpana kuliko inavyohitajika. Ndoano ya 1/0 iliyo kali, ikishika kona ya taya, inamleta samaki wa kujivunia mpaka kwenye mtumbwi. Anayetaka ndoano kubwa ni chambo, na baada ya chambo, mafunjo.

Naguswa mara nyingi lakini nikivuta hakuna kitu. Ni namba ya ndoano?

Huenda, lakini usikimbilie kununua. Angalia chambo kinachorudi.

Kikirudi kimekatwa mkia tu, ndoano haina kosa. Ni samaki wadogo wanaodonoa, au besi mdogo aliyeshika ncha ya nyuma. Punguza urefu wa chambo, au subiri kidogo kabla ya kuvuta.

Kikirudi kimekusanyika chini ya ndoano, ncha ikiwa bado imezikwa kwenye plastiki, hapo ndipo pengo ni dogo. Panda namba moja, au tumia chambo chembamba zaidi.

Kikirudi kimeteremka, ncha iko nje lakini samaki hayupo, basi ndoano ilitoka vizuri ila haikupenya. Sababu ni tatu tu kwa kawaida: ncha butu, uzi wa nailoni unaonyumbuka sana, au ndoano ya waya mnene kwenye fimbo nyororo. Waya mnene unahitaji msukumo mkubwa. Mtu akikopa ndoano za 5/0 za chura na kuzifunga kwenye fimbo ya kuvulia ngege, atavuta mpaka bega lichoke.

Na kama samaki anashika, anapigana kidogo, halafu anaruka na kutema, tazama mpindo. Ukiwa umefunguka hata kidogo, waya ni mwembamba kuliko nguvu unayotumia. Itupe hiyo. Ndoano iliyonyooshwa na kurudishwa kwa koleo itafunguka tena.

Waya mwembamba au mnene?

Ufuate uzi. Uzi wa kilo 3 hadi 5 na fimbo nyepesi, waya mwembamba. Nailoni au florokaboni ya kilo 6 hadi 9, waya wa kawaida. Uzi wa kusuka wa kilo 20 na zaidi, unaotumika kumng'oa samaki kwenye mafunjo kabla hajajifunga, waya mnene bila mjadala.

Kuna faida moja ya waya mwembamba ambayo wenye kuhesabu shilingi wataipenda: ikinasa kwenye mgunga uliozama na uzi wako una nguvu, vuta polepole na ndoano itanyooka, utoke na uzi, chubwi na chambo. Umepoteza ndoano peke yake.

Nina ndoano za ngege nyumbani, namba 8 na 10. Siwezi kutumia hizo?

Kwa nyungunyungu, ndiyo, na besi huwala nyungunyungu vizuri tu. Kwa chambo laini cha plastiki, hapana. Hazina bega, pengo lake halitoshi hata mnyoo wa inchi 4, na waya wake si wa kuvutana na samaki ndani ya mafunjo.

Chubwi ya uzito gani inaendana na ndoano?

Chubwi haipangwi na ndoano. Inapangwa na kina, upepo na majani. Gramu 3.5 kwenye maji ya kiunoni, gramu 7 kwa kawaida, gramu 10 hadi 14 mchana upepo wa Naivasha unapoanza kusukuma mtumbwi. Kwa kutoboa zulia la magugu maji, watu huenda gramu 28 na kupita. Chubwi ya tangsteni ni ndogo kuliko ya risasi ya uzito uleule na hupenya majani vizuri zaidi, lakini bei yake hutaisahau. Ukiongeza uzito hadi gramu 14 na kuendelea, usibaki na ndoano ya waya mwembamba.

Mtindo wa waki, ule wa kutoboa senko katikati, unatumia ndoano gani?

Namba 1 au 1/0, shina fupi, mpindo wa mviringo, ncha nje. Hapa hesabu ya pengo inalegea kwa sababu mwili haujafungwa ndani ya ndoano. Ndoano imeushika kama pini ya kuanikia nguo tu, na ncha yote iko wazi. Unachotaka ni ndoano nyepesi ili kijiti kianguke kikitetemeka pande zote mbili.

Senko huchanika pale katikati baada ya samaki mmoja au wawili. Vika pete ndogo ya mpira katikati ya kijiti na upitishe ndoano chini ya pete. Vipande vya bomba la mpira vinavyokatwa kwa mkasi hufanya kazi hiyohiyo.

Hatari ya waki ni samaki kumeza. Chambo huanguka uzi ukiwa umelegea, hujui ameshika mpaka ameshakizamisha. Tazama uzi pale unapoingia majini. Ukienda upande au ukisimama mapema kuliko ulivyotegemea, kaza mara moja.

Akimeza ndoano na nataka kumrudisha?

Ukiiona ndoano mdomoni, itoe kwa koleo refu. Ikiwa imeingia kooni, usivute kwa nguvu. Kata uzi karibu na jicho la ndoano umwachie. Ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi hivyo kuliko kung'olewa koo. Aliyezoea kuwarudisha samaki abonyeze kijimwiba cha ndoano kwa koleo tangu nyumbani. Utapoteza samaki mmoja mmoja anayeruka, lakini kuitoa ndoano kunakuwa rahisi, hata ikiwa imeingia kwenye kidole chako.

Nitajuaje ncha ni kali?

Iweke juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza na uiburute. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo au ibadilishe. Ndoano za kisasa hunolewa kwa kemikali kiwandani na huwa kali sana zikitoka kwenye pakiti. Kugonga nguzo na mawe ndiko kunakozimaliza, kwa hiyo pima kila baada ya kunasa, si kila asubuhi tu.

Niko Kisumu. Hesabu hii inafaa kwa mbuta?

Kanuni ya pengo inafaa popote penye chambo laini. Namba na waya, sahau. Mbuta hukua kupita kilo 100, kinywa chake kina meno madogo yanayokwaruza kama msasa, na kingo za mashavu yake hukata. Kwa samaki wa plastiki wa inchi 5 au 6, watu huanzia 6/0 hadi 8/0 ya waya mnene kabisa, mara nyingi kwenye kichwa cha risasi chenye ncha nje kwa kuwa kwenye maji ya wazi huhitaji kuficha. Funga kipande cha nailoni nene mbele ya uzi wa kusuka. Ndoano nyembamba ya besi kwa mbuta wa maana itarudi imenyooka kama msumari, kama itarudi.

Wavuvi wa mishipi mirefu wa huko wana namba zao wenyewe za ndoano za J, nazo ni za kushika chambo hai. Usizilinganishe na zilizoandikwa hapa.

Nina elfu chache tu. Ninunue zipi?

Nunua pakiti moja ya 4/0 yenye bega na pengo pana, waya wa kawaida. Hiyo inabeba senko ya inchi 5, kamba wa inchi 4 na fluki. Pakiti ya pili, 2/0 au 3/0 yenye bega na mpindo wa mviringo, kwa minyoo. Pakiti ya tatu, namba 1 za waki. Umemaliza. Hela iliyobaki nunua vyambo, na ununue vya aina chache vinavyokubali ndoano hizo tatu, badala ya kununua aina kumi za vyambo kisha kuanza kuzitafutia ndoano.

Kagua pakiti kabla ya kulipa. Jicho lifungwe kabisa, kwa sababu likiwa na mwanya uzi wa kusuka utapita hapo na kukimbia. Ndoano za bei ya kutupa zisizo na jina mara nyingi huanguka mtihani wa ukucha zikiwa mpya.

Kuna sheria gani, na viboko je?

Uvuvi wa burudani unahitaji leseni. Ulizia ofisi ya uvuvi ya Naivasha au kamati ya ufuo unakoanzia, na uulize pia kama ziwa limefunguliwa, kwa kuwa huwekwa misimu ya kufungwa ili samaki wazaane.

Viboko wako kwenye mafunjo yaleyale unayoyalenga. Usivue ukiwa umesimama majini, usipenye vichochoro vya mafunjo bila mwenyeji wa ziwa, vaa jaketi la kuokolea, na chambo kikinasa mahali walipo, kata uzi. Hakuna ndoano ya thamani hiyo.

Nihifadhi vipi ndoano na vyambo?

Ndoano iliyolowa isirudi kwenye pakiti pamoja na kavu, maana kutu huambukiza pakiti nzima kwa siku chache. Iache kwenye kitambaa mpaka ikauke. Hasa ukiwa umetumia chambo chenye chumvi, isuuze kwanza kwa maji safi, kwani chumvi ile huila hata ndoano iliyopakwa rangi.

Vyambo vibaki kwenye mifuko yake ya awali. Ukivichanganya, rangi huhamia kutoka kimoja kwenda kingine, na baadhi ya plastiki laini huyeyusha masanduku ya plastiki ngumu. Usiviache ndani ya gari lililoegeshwa juani, vitajikunja na kubaki hivyo. Kikijikunja, kitumbukize kwenye maji ya moto dakika moja, kinyooshe mezani na ukiache kipoe. Vilivyochanika rudi navyo nyumbani badala ya kuvitupa ziwani, kwa sababu samaki huvimeza na tumboni haviyeyuki.